Kila Hatua Iwe Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Siku yangu imefika! Bosi ametangaza kwamba duka linaanzisha kitengo cha akili mnemba, na kitengo kinahitaji mkuu. Atamteua Ijumaa. Tunaoandika programu hapa ni wawili tu, mimi na Ushahidi. Jina lake hasa analijua mhasibu. Sisi tunamwita Ushahidi kwa sababu ukimwambia mvua inanyesha, anakuuliza ushahidi uko wapi.

Kinachotugombanisha ni Karani, wakala wa kompyuta, yaani programu inayojifanyia kazi yenyewe, niliyemtengeneza mimi kwa mikono yangu. Anazungumza na wateja wa vitanda na magodoro kwa ujumbe wa simu. Anajibu, anaangalia stoo, anapanga gari. Bosi analalamika kwamba hatujui anafanya nini humo ndani. Anataka afungiwe kifuatiliaji, ili kila hatua yake ionekane kwenye skrini, na hakimu wa kumpa maksi. Hakimu naye ni kompyuta. Ushahidi aliinua mkono kuomba kazi. Mimi nikainua miwili. Nimepewa mimi!

Nyumbani nimemwambia mke wangu kwamba mimi ndiye mkuu wa kitengo. Nimetanguliza kidogo tu. Kabla sijavua viatu, alikuwa ameshampigia mama yake.

Jumanne, 4 Machi

Kifuatiliaji kimekubali! Kitu kizuri ajabu. Mteja akiuliza, unaona Karani anavyosoma swali, anavyoingia stoo, stoo inavyomjibu, na yeye anavyomjibu mteja. Hatua iliyofaulu ni kijani, iliyoshindwa ni nyekundu. Nilikaa pale nikitabasamu kama baba aliyeletewa mtoto wa kwanza.

Tatizo, nyekundu zilikuwa nyingi mno. Kitu hakipo stoo, nyekundu. Gari halipatikani, nyekundu. Skrini nzima ilikuwa na surua. Ushahidi alipita na kikombe chake cha chai, akasema taratibu kwamba nyekundu ndiyo faida yenyewe, tuzikague moja moja tujue pa kurekebisha. Moja moja! Mtu yule hana haraka na maisha.

Nimepata dawa. Rangi ni mstari mmoja tu wa programu. Nimeubadilisha. Sasa iliyofaulu ni kijani, na iliyoshindwa ni kijani pia, ila iliyokolea kidogo, maana mimi si mwongo.

Jumatano, 5 Machi

Leo zamu ya hakimu. Ushahidi alitaka hakimu alinganishe kila jibu na kilichomo stoo. Kazi ya kumzeesha mtu. Mimi nimemwandikia maagizo mafupi: jibu likiwa la adabu, la uchangamfu, na lisimvunje mteja moyo, toa tano juu ya tano.

Karani akapata mbili. Mbili! Kumbe anarudia rudia kusema hakuna, na wateja wanavunjika moyo. Nikaingia kwenye maagizo yake nikampiga marufuku kulitamka neno hilo. Nikamjaribu tena. Tano! Tano! Tano! Nimeruka mpaka nikagonga goti kwenye meza.

Mchana mama mkwe akapiga simu. Amesikia nimepanda cheo, amefurahi, na anataka kitanda kipya cha futi sita. Nikavimba kichwa. Nikamwomba amwandikie Karani kama wateja wengine, aone kazi ya mkwewe. Karani akamwahidi kitanda kesho, na cha zamani kuondolewa bila usumbufu. Mama akanimiminia dua mpaka simu ikaisha chaji. Hakimu? Tano juu ya tano.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Bosi alikuja kuiona skrini kubwa ya ukutani. Kijani tupu. Akawaita watu wa mauzo, mhasibu, hata mlinzi. Wakapiga makofi. Akaamuru Karani aachiwe wateja wa matawi yote ya duka leo leo. Ushahidi akauliza kwa nini kijani ni cha aina mbili. Nikamjibu kwamba kimoja ni cha kivulini. Bosi akacheka. Roho yangu kwatu! Nilipita dirisha la duka la samani za ofisi nikachagua kiti cha mkuu wa kitengo. Kinazunguka.

Jioni kukawa na jambo dogo. Mke wangu ameniambia kwamba gari lilifika kwa mama, wapakiaji wakabeba kitanda cha zamani pamoja na godoro, wakaondoka. Kipya hawakuja nacho. Nikamtuliza kwamba kinafuata na gari la pili. Nimemwuliza Karani mwenyewe, naye amesema hivyo hivyo.

Mama mkwe amehamia kwetu na begi. Yeye na bintiye wana chumba. Mimi nina kochi. Kochi ni fupi, lakini mkuu wa kitengo hanung'uniki.

Ijumaa, 7 Machi

Kimenuka.

Nimefika kazini nikakuta foleni imetoka mlangoni mpaka barabarani, kila mtu ameshika simu. Bwana harusi ameahidiwa vitanda viwili, asipokipenda kimoja alalie kingine. Mwalimu ameahidiwa godoro la rangi ambayo hatujawahi kuiuza. Bibi mmoja ameahidiwa kubebewa kabati mpaka ghorofa ya nne, na kuimbiwa njiani. Karani hajamnyima mtu kitu. Na mbele ya wote, kwenye kiti cha plastiki, mama mkwe.

Ushahidi akaomba ruhusa, akaurudisha ule mstari wa rangi. Skrini ikawa nyekundu kona hadi kona. Nikajitia hamnazo, nikaanza kuitafuta kalamu yangu. Bosi akasema aletewe hatua za mteja wa kwanza kwenye foleni, na mimi nizisome kwa sauti.

Nikasoma. Mteja anaomba kitanda. Stoo inajibu kwamba hakuna. Karani anamwambia mteja kwamba kipo. Gari la kuchukua cha zamani, limechukua. Gari la kuleta kipya, limeshindwa. Karani anamtakia mama usingizi mwema. Hakimu, tano juu ya tano.

Mama mkwe akauliza, kwa heshima zote, mkuu wa kitengo ni nani ili ampelekee malalamiko yake. Bosi akanyoosha kidole kwa Ushahidi. Ndivyo uteuzi ulivyotangazwa, kwa kidole! Mama akakitazama kidole, akanitazama mimi, akakitazama tena kidole. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe.

Jumamosi, 8 Machi

Mkuu wa kitengo amenipa kazi. Nisome kila hatua ya Karani kwa macho yangu, kisha niwapigie wateja wote kuwaomba radhi. Amenieleza kwa upole kabisa. Ndicho kilichoniudhi.

Kitanda cha zamani cha mama kimekwishapasuliwa mbao. Kipya, kiwanda hakijui kitakuja lini. Mke wangu hasemi nami. Akitaka chumvi, anamwambia mama yake aniombe nisogeze. Yote kwa ajili ya cheo nilichokitangaza kabla ya kukipata! Nimesoma hatua za wateja kadhaa, macho yananiwasha.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na wazo! Kwa nini nisome kwa macho? Nimemtengeneza wakala wa pili, Msaidizi, anayezisoma hatua za Karani na kuniletea muhtasari. Na yeye nimemwekea hakimu wake. Nimemweleza Msaidizi kwamba wiki hii nimeumia sana, kwa hiyo habari anipe taratibu. Majibu yametoka: hakuna tatizo popote. Tano juu ya tano! Ushahidi kesho atafunga mdomo, na hicho cheo atakirudisha mwenyewe.

Mama mkwe ameuliza kutoka chumbani kitanda chake kitafika lini. Wiki iliyopita ningebahatisha. Leo nimeuliza mfumo uliopimwa. Msaidizi amesema kiko njiani, kinaingia mchana huu. Nimewatangazia wote. Mke wangu amenisemesha, mwenyewe, kwa mdomo wake! Ameniuliza kama nina hakika.

Nimekunja shuka la kwenye kochi nikaliweka kabatini. Sasa nimesimama getini kulipokea gari. Barabara ni tupu mpaka kwenye kona. Lakini maksi ni tano.