Namba Isiyo na Washindani

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nimemzidi Kioko akili. Anashona sare za shule mlango wa tatu kutoka kwetu, hapa Changamwe, na kila mwaka tenda humwendea yeye. Leo nimeipekua orodha ya tenda za serikali kwenye simu. Kila bidhaa ina namba yake. Namba ya sare ina mafundi arobaini na mmoja. Nikateremka chini kidogo: Vitambaa vya hospitali, vilivyoshonwa. Hakuna hata mmoja. Nikamsajili mke wangu Nafula hapo hapo. Cherehani yake, akili yangu. Akaniuliza kama nimesoma maelezo yote. Nikamwambia shuka ni shuka.

Alhamisi, 13 Machi
Tumeshinda. Nimepita mbele ya duka la Kioko mara nne, barua mkononi. Mara ya nne akaomba aione. Akaisoma hadi mwisho, akanirudishia, akanishika bega. Wivu huo.

Ijumaa, 14 Machi
Haukuwa wivu. Namba yetu ni ya sanda za chumba cha maiti. Vipimo vitatu: watu wazima, watoto, wachanga. Mimi nilisoma mstari wa kwanza tu.
Nafula aliisoma barua akiwa amesimama. Faith wetu tulimzika Agosti, akiwa na siku tisa. Nikasema zile za wachanga tumpe fundi mwingine.
"Niachie," akasema. "Angalau washonewe na mtu anayejua."

Jumatano, 26 Machi
Amemaliza. Zile ndogo amezikunja pindo mara mbili, ingawa barua haikudai. Nikamwambia zinakwenda udongoni, nani ataona pindo. Sijui kwa nini nilisema vile.
Niliporudi kutoka kupeleka mzigo, alikuwa ameshavuka feri kwenda kwa dada yake Judy, Timbwani. Cherehani ameifunika kwa leso. Kioko ameniletea chapati na maharagwe, akasema pole. Nimekula zote. Bado simpendi.

Jumatatu, 7 Aprili
Nafula hapokei simu. Judy anasema halali vizuri, nimpe muda.
Mchana hospitali ikapiga. Mama wa stoo anasema hajawahi kuona kazi safi namna ile, hasa zile ndogo. Wanataka nyingine, mara mbili yake, zote za wachanga.
Nimekubali papo hapo. Kisha nikamwandikia Nafula ujumbe: Rudi nyumbani, mama, nina habari njema.