Mtaalamu wa Maji ya Mvua na Mashimo ya Mama Kapinga

Leo nimeaibika, tena mbele ya kamati ya fedha nzima. Naandika haraka kabla hamjasikia kwa wengine, maana picha zimeshaanza kuzunguka kwenye makundi.

Kwa wasionijua: mimi ni afisa mazingira kwenye mji mmoja mdogo huku milima ya Mbinga. (Jina la mji nalificha. Mwajiri naye ana simu.) Kwetu ni Singida. Kule ardhi imelala, na mvua ikinyesha tunatoka nje kuishangilia. Huku ardhi imesimama. Mvua ikinyesha kila kitu kinateremka: udongo, chupa, ndala, mifuko. Vyote vinapitia sokoni, vinaingia mtoni, na safari ya kwenda ziwani inaanza.

Chini kabisa ya soko wanakaa akina mama wanaouza usipa, vile vidagaa vya Ziwa Nyasa. Maji machafu yanawapitia miguuni kila mvua. Msemaji wao, Dada Felista, alishanibana ofisini mara nyingi: "Afisa, mtaro lini?" Nikamwahidi. Nikakaa miezi mitatu naandika andiko la mradi wa maji ya mvua: mitaro, vichujio vya taka, na vitu vya kupunguza kasi ya maji mlimani. Kurasa arobaini! Na picha za rangi! Leo kamati ilikuwa inakuja kuona eneo kwa macho yake, kisha iamue kama mradi unaingia kwenye bajeti au unasubiri mwaka mwingine. Felista na wenzake walikuwa wanaingoja siku hii kuliko mimi.

Sasa, Alhamisi iliyopita nikapanda kukagua mteremko ulio juu ya soko. (Mara yangu ya kwanza kuupanda. Mnaanza kucheka mapema.) Nakuta mashimo! Mteremko mzima ni mashimo, mistari kwa mistari, kila moja mtu mzima anakaa ndani akaenea, na juu ya kingo zake maharage ndiyo yanachipua. Nikawaza mambo mawili: mbu, na viatu vya Mwenyekiti. Mwenyekiti wa kamati yetu anavaa viatu vyeupe vilivyochongoka, na ratiba ilisema atapita palepale.

Nikaita vibarua wanne wa usafi.

"Sawazisheni hapa. Nataka pawe kama uwanja wa mpira."

Wakatazamana.

"Bosi, tusawazishe?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Yote!"

"Haya."

(Kibarua wa huku akikuuliza jambo lilelile mara mbili, ujue anakupa nafasi ya kujiokoa. Hili nimelijua leo.)

Hawajamaliza mstari wa kwanza, akatokea mwenye maharage, Mama Kapinga, jembe begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unafukia mashimo yangu?"

Nikamweleza kwa upole wa kiserikali. Kwamba hili ni eneo la halmashauri. Kwamba unakuja mradi mkubwa wa maji ya mvua. Kwamba utaalamu hauruhusu mashimo yasiyo rasmi. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, jamani. Mashimo yasiyo rasmi!

Akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Mwanangu, umetokea wapi?"

"Singida, mama."

"Aaa."

Akageuka, akaondoka zake. Nikaona nimeshinda hoja.

Leo saa nne asubuhi kamati imefika. Nilikuwa nimefunga turubai chini ya mteremko, viti vya plastiki vimepangwa, maji ya chupa yapo, na kule juu nimesimika bango: TUDHIBITI MAJI YA MVUA. Mwenyekiti akasimama, akaangalia ule mteremko ulionyooka, mwekundu, hauna hata jani.

"Mtaalamu, hapa umepasafisha."

Mkurugenzi, bosi wangu, akaitikia kwa kichwa. Nikavimba. Nikafungua andiko, nikaanza kusoma kwa ile sauti yangu ya mikutano.

Nikiwa ukurasa wa tatu mbingu ikanguruma. Mtu mwenye akili angefunga makabrasha. Mimi nikasema, "Waheshimiwa, mvua hii imekuja kwa wakati wake. Mtajionea wenyewe maji yanavyotusumbua."

Wakajionea.

Dakika tano za kwanza ilikuwa mvua tu. Ya sita mlima ukaanza kushuka. Si maji, ni uji mwekundu, mzito, umebeba mawe, na nyasi na miche ya maharage tuliyoifukia. Ukaingia kwenye mfereji wa barabarani, mfereji ukajaa hapohapo. Ukaingia chini ya turubai. Viti vikaanza kutembea vyenyewe. Mwenyekiti akapanda juu ya kiti chake, lakini kiatu kimoja cheupe kilikuwa kimeshaondoka, kinaelekea sokoni. Nikakikimbilia, nikateleza, nikakaa chini mbele ya waheshimiwa wote. Nikiwa nimekaa hivyo likanipita bango langu, limelala chali, maandishi juu: TUDHIBITI MAJI YA MVUA.

(Hiyo ndiyo picha inayozunguka. Ndiyo, aliyekaa ni mimi.)

Mvua ikakata. Kwanza akapanda Dada Felista kutoka sokoni, beseni la usipa mkononi. Usipa ulikuwa na rangi ya tofali.

"Afisa, siku zote maji yanatoka barabarani, yanatufika kwenye vidole. Leo yametoka mlimani! Mlimani hayajawahi kutoka! Umefanya nini?"

Nyuma yake alikuwa anakuja Mama Kapinga, amejifunika gunia la nailoni, hana haraka yoyote.

Mwenyekiti, bado yuko juu ya kiti na mguu mmoja wa soksi, akawa anapekua andiko langu lililolowa.

"Mtaalamu. Ukurasa wa kumi na nne. Unaomba fedha za kujenga, nasoma, 'vishimo vya mteremko vya kukamata maji na udongo'. Vinafananaje?"

Bado nilikuwa na nafasi ya kuzimia. Sikuitumia.

"Kuna picha ukurasa unaofuata, mheshimiwa. Ni teknolojia ya kisasa kutoka nje."

(Picha niliitoa mtandaoni. Maelezo yake yalikuwa marefu, ya Kiingereza. Nilisoma mstari wa kwanza.)

Mwenyekiti akaitazama picha. Akautazama mlima. Akaitazama picha tena.

"Mama Kapinga, hebu njoo uone."

Mama akapangusa mikono kwenye kanga, akaishika karatasi, akaisogeza mbali na macho.

"Hii si Mbuji, kijiji cha hapo jirani? Ee, ni Mbuji. Nyumba hii ya bati jekundu ni ya shemeji yangu. Na hizi ni ngolo."

"Ngolo ndiyo nini?" nikauliza.

Hata Mkurugenzi akaangalia pembeni.

"Ni mashimo yangu uliyoyafukia Alhamisi," akasema Mama Kapinga. "Maji yanaingia mle, yanatulia, udongo unabaki. Bibi yangu alichimba. Ulifikiri nachimba nikiwa sina kazi?"

Kicheko kilichofuata nadhani kimesikika Kigonsera. Madiwani walishikana mabega. Vibarua wangu wanne walicheka kwa adabu, wamegeukia mlimani. Felista peke yake hakucheka.

"Kwa hiyo tulikuwa nazo, bure. Ukazifukia. Halafu ukaenda kutuombea nyingine?"

Hapo ndipo iliponiuma kweli. Si matope, si picha. Ni lile beseni.

Mwenyekiti akatoa kalamu. Nikajua ndiyo basi, mradi umekufa. Akasema mitaro na vichujio vinapita, kwa sababu wameona kwa macho na kwa soksi. Lakini ukurasa wa kumi na nne akaupiga mstari.

"Hiki kipengele hakihitaji fedha, kinahitaji jembe. Mama Kapinga atasimamia. Mtaalamu utakuwa kibarua wake."

"Naunga mkono," akasema Mkurugenzi. Ndiyo maneno pekee aliyotamka siku nzima.

Walipoondoka nikamfuata mama kumwomba radhi, kwa maharage na kwa yale mashimo yasiyo rasmi. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Singida mna majembe?"

"Tunayo, mama."

"Basi kesho saa kumi na mbili asubuhi. Tunaanza kwa kulaza nyasi, ndizo zinazoshika kingo. Ukianza na shimo, nakurudisha kwenu."

Nimeshanunua mbegu za maharage, mabuti nimeazima. Ninaomba kitu kimoja tu: atakayepita kesho asinipige picha. Na akishindwa kujizuia, basi chini yake asiandike "teknolojia ya kisasa kutoka nje".