Mbao za Meli Ukutani

Jumapili, 1 Februari 2026

Usingizi sina. Wageni wa binti yangu Idil wanakuja Jumapili ijayo kutoka Takaba kumposa. Anayewaongoza ni Adeer Duale, amu wa Abdilatif, huyo mwalimu anayemtaka binti yangu. Kijana sina neno naye. Ana adabu, anaswali, akicheka anafunika mdomo. Neno langu ni Takaba. Mbali! Ukimkumbuka mtoto asubuhi, mpaka ufike kwake umesahau ulitaka kumwambia nini.

Na desturi ndiyo hiyo: wanaume watakaa sebuleni na Bare, mume wangu, wataongea. Mimi nyuma ya pazia na birika. Siku hiyo mama hana kauli. Basi kauli yangu nitaiweka ukutani.

Jana Idil alinionyesha kwenye simu mama wa Kizungu anapigilia mbao ukutani. Zimelala, moja juu ya nyingine, katikati mstari mwembamba. Alipomaliza, chumba kilikuwa kama cha waziri. Inaitwa shiplap. Mdomo wangu wa Kisomali unasema shiblab, haidhuru. Mpango ni huu: Adeer Duale anaingia, anaona ukuta, anajiambia moyoni kwamba msichana aliyekulia hapa hahamishwi. Abdilatif ndiye ahamie Garissa. Mimi sijasema kitu.

Na ule ufa wa karibu na dirisha utafunikwa.

Jumatatu, 2 Februari

Bare nimemwambia mbao zinazuia joto. Akasema ukuta ni ukuta, wageni wanakuja kuona watu. Akaenda zake soko la mifugo, kwenye udalali wake. Hiyo nimeihesabu kuwa ruhusa.

Nikaenda kwa Mutiso, fundi wetu Mkamba. Akaniambia mbao nzuri ni saiprasi iliyokauka, lakini lazima iagizwe. Ikifika ilale ndani ya nyumba kwanza, izoee joto la Garissa, ndipo ipigiliwe. Nikamwuliza, hiyo ni mbao au ni mke mwenza? Akasema basi ipo paini mbichi, imeshuka na lori juzi, ila mama, paini mbichi inalia.

Nikawaza. Mlango wangu wa jikoni unalia miaka yote na tunaishi nao. Wanaume wakianza kuongea, nani atasikia ukuta ukilia?

Nimechukua paini.

Jumanne, 3 Februari

Mbao zimeshuka, na Muslimo alikuwa mlangoni kwake. Huyu jirani tangu aweke dari ya jipsamu na taa za rangi anatembea kichwa kimeangalia juu, hata barabarani. Akauliza hizo mbao za nini. Idil, mtoto mkweli kupita kiasi, akamweleza jina, na kwamba neno la mwanzo maana yake ni meli.

Muslimo akashika ukuta kwa kicheko. "Abaayo Lul, dada yangu, unajenga safina? Mto Tana umekuambia nini ambacho sisi hatujaambiwa?"

Alasiri watoto wa mtaa wakaja kuuliza wanyama wataingia lini. Bare akarudi amenuna. Huko sokoni mtu amemuuliza kama anatafuta mbuzi dume na jike, wawili wawili.

Usiku Idil akanifuata jikoni. Akasema, hooyo, nina jambo. Nikamwambia jambo lolote lisubiri ukuta uishe. Akasimama kidogo, akaenda kulala.

Jumatano, 4 Februari

Balaa.

Kwenye simu nilimwambia Mutiso mbao zipigwe pana, ili mistari ionekane. P yangu ikatoka b, kama kawaida. Yeye akasikia bana. Nimerudi kutoka sokoni, nikakuta amezibana, huoni mstari hata mmoja. Ukuta mzima umekuwa mlango wa stoo.

Nikamwambia, fundi, nilisema bana. Akasema ndiyo mama, nimebana, hata mchwa hapiti. Nikasema sio bana, ni bana! Akasema ndiyo hiyo hiyo, bana. Tukabishana hivyo mpaka chai ikapoa, kila mmoja anakubaliana na mwenzake. Ni Idil aliyekuja akalisema neno vizuri. Mutiso akakaa chini juu ya sanduku lake la vifaa.

Kuzing'oa haiwezekani, zitapasuka. 

Alhamisi, 5 Februari

Nimepata dawa. Mistari nimeichora mwenyewe, kwa kisu cha nyama.

Nilianza baada ya Alfajiri. Nilikuwa nafuata kila mahali mbao mbili zinapokutana, nazamisha kisu, navuta. Mkono umevimba. Mutiso alikuja kuchukua ngazi yake, akashika kichwa. Akasema, mama, hiyo mbao ni mbichi, unaifungua ngozi. Nikamjibu ngozi ni ya ukuta wangu. Nikamuuliza rangi nyeupe vipi. Akasema rangi haitashika juu ya mbao yenye maji, niiache hivyo hivyo, na niombe Mungu. Huyu ni mtu wa kanisa, lakini dua yake niliipokea.

Jioni nikakaa katikati ya chumba nikaangalia. Mistari mingine imepinda kama njia ya ngamia. Lakini ukifumba jicho moja, chumba cha waziri.

Ijumaa, 6 Februari

Jua la leo sijui limetumwa na nani. Mchana nikaingia sebuleni, nikakuta ukuta umetoa matone. Kila mstari, tone, tone, rangi ya asali. Na harufu tamu, kidogo kama lubani.

Mimi ni mtoto wa Buna. Nimemwona mama yangu akiuchanja mti wa mgunga kwa shoka, akirudi baada ya siku chache kuchukua gundi iliyotoka. Nimekua nikimbebea kikapu. Halafu nimesimama mbele ya ukuta niliouchanja kwa mkono wangu mwenyewe, nikasema mashallah, shanga.

Ndipo nikamkumbuka Mutiso. Paini mbichi inalia. Kumbe si kulia kwa mlango. Ni kulia kwa mtu.

Nikafuta kwa mafuta ya taa. Ikarudi. Nikafuta kwa majivu. Ikarudi na majivu. Nikafukiza uunsi wa kutosha, ili mgeni afikiri harufu yote ni ya kukusudia. Muslimo akapitisha kichwa dirishani, akavuta pumzi, akasema ananusa choo cha hoteli.

Jumamosi, 7 Februari

Mkono mmoja nafanya sambusa, mkono mwingine nashika kifua.

Leo nimepanga magodoro ya kukalia kuzunguka chumba, kama siku zote. Nimeweka la mwisho, nikarudi nyuma kutazama, ndipo nikakumbuka. Yule mama wa Kizungu ana viti! Viti viko katikati ya chumba, ukuta wake hauguswi na mtu. Sisi tunakaa chini na migongo yetu iko wapi? Ukutani. Wageni wote, migongo yao, juu ya gundi yangu.

Dawa: mito. Kila mgongo na mto wake, umesimamishwa. Mito yangu haitoshi. Ikabidi niende kwa Muslimo. Aliitoa mmoja mmoja, na kila mmoja na swali lake. Safina imeingia maji? Nabii Nuhu naye alikuwa na mito? Nikameza yote. Ni kwa ajili ya Idil.

Bare akaniuliza kwa nini chumba kimejaa mito kama hospitali. Nikasema ni mtindo.  Kisha akaja akanimenyea vitunguu. Ni mtu mzuri. Mungu anisamehe.

Jumapili, 8 Februari

Wageni wamekuja, wameondoka.

Walifika baada ya Adhuhuri. Watu watatu na Adeer Duale, mtu mrefu, ndevu nyekundu za hina, koti zito la sufu katika joto hili. Kwenye pazia kuna kitobo, jicho langu likakaa hapo. Alitazama ukuta. Akasema mashallah. Nikajua tumeshinda.

Kisha akakaa, akauchukua mto wa mgongoni, akauweka chini ya kiwiko. Kama mzee yeyote afanyavyo! Mimi mwenyewe baba yangu alikaa hivyo maisha yake yote. Mgongo wake ukalala wote kwenye mbao.

Dua ikasomwa, chai ikaenda, maneno yakawa matamu. Mpaka walipofika kwenye makazi. Adeer Duale akasema mke humfuata mume, na mume yuko Takaba. Bare akasema binti yake ni muuguzi, kazi yake iko hapa, na mama yake hatalala. Nikashika pazia. Sikujua kama anajua silali. Adeer Duale akasema usingizi wa mama hauandikwi kwenye ndoa. Sauti zikapanda. Mwishoni akasema, "Basi chai yenu tumekunywa, Mungu awabariki. Vijana, tuondoke."

Nikafumba macho. Nimemharibia mtoto. Kwa ajili ya njia ndefu nimemharibia ndoa.

Nikasikia wenzake wanasimama. Yeye sikumsikia. Nikafumbua. Amekunja magoti, ameegemea mbele, na mgongo haukuja. Akajaribu tena. Kukatoka sauti ndogo kama plasta inayokataa kubanduka. Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akarudi taratibu mahali pake.

"Lakini," akasema, "mtu mzima halikimbii neno. Kaeni. Leteni chai nyingine."

Bare hakujua kitu. Nilimwona uso umelegea kwa heshima. Mzee aliyekasirika akakaa tena mwenyewe, hilo halionekani kila siku. Naye akashusha sauti. Nikapeleka birika. Nikapeleka la pili. Kila chai ikiisha mzee alijaribu mgongo wake kwa siri, na kila akishindwa alizidi kuwa mpole. Birika la tatu alisema hata Garissa kuna shule, mwalimu anaweza kuomba uhamisho. La nne, wakasoma Fatiha.

Wote wakasimama kupeana mikono. Yeye akafungua vifungo, akachomoa mkono mmoja, akachomoa wa pili, akainuka na shati. Akasema Garissa kuna joto, koti hilo ni zawadi kwa nyumba. Akatoka wima kama sultani.

Koti limebaki ukutani limekaa, mikono imelala pembeni, kama mtu ambaye bado hajakubali.

Jumatatu, 9 Februari

Bare na Mutiso wamelibandua koti kwa kisu na mafuta ya kupikia.  Niliposhindwa kuvumilia nikamweleza Bare yote, kuanzia waziri mpaka mito. Akasikiliza. Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta mahali pa kuegemea, akakumbuka, akakaa katikati ya chumba.

Muslimo amekuja kuchukua mito yake. Habari zimemfikia kwamba mzee wa Takaba aligoma kuondoka kwangu. Akaupapasa ukuta kwa kidole kimoja. Akauliza, akiangalia pembeni, kama Mutiso ana nafasi wiki hii. Nikasema nitamuuliza. Sijawahi kulala vizuri kama nitakavyolala leo.

Jumatano, 11 Februari

Sikulala.

Idil alirudi kutoka kazini, akavua viatu, akakaa karibu yangu. Akasema, hooyo, ukuta umeisha, sasa nisikilize. Takaba ni yeye aliyeitaka. Kituo cha afya cha huko hakina muuguzi wa wazazi, akina mama wanabebwa njia ndefu wakiwa na uchungu. Ameshaomba kazi, wameshamkubali. Abdilatif alikuwa tayari kuja Garissa tangu mwanzo, na ni yeye Idil aliyemwambia abaki.

Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema alikuja jikoni.

Kweli, alikuja. Wiki nzima nimeuliza habari za saiprasi na paini na jipsamu na mito. Mtoto sikumuuliza. Alilia, nami nikalia, nikamshika kichwa kifuani kama alipokuwa mdogo. Nikamwambia amekuwa mkubwa na mimi najivunia, na maneno hayo ni ya kweli. Bare amempigia Adeer Duale kumwambia Idil atakwenda Takaba. Anasema mzee aliuliza, ile chai yote alikunywa ya nini?

Alhamisi, 12 Februari

Nimejifunza. Naandika hapa nisisahau: kabla ya kufanya jambo, muulize mtoto kwanza.

Kwa hiyo leo nimemuuliza. Nilimuuliza wakati anapanga nguo zake, polepole, kama mtu anayeulizia chumvi. Je, ukiwa Takaba, halafu mama yako akaumwa? Akasema, hooyo, siku hiyo hiyo narudi, na sitaondoka mpaka upone.

Alhamdulillahi. Mtoto wangu ana moyo.

Sasa kazi ni kuchagua ugonjwa. Si rahisi, huyu ni muuguzi. Presha wana mashine. Sukari wana mashine. Homa anaijua kwa mkono tu. Lakini mgongo, nimefikiri sana, mgongo hauna mashine. Mgongo ni neno la mwenye mgongo.

Bado hauumi. Ila tangu Alasiri, kila nikipita mbele yake, nainama kidogo.