Hatua Tisa Kabla ya Kupiga

Jumatatu, 7 Julai

Yasiri amejiandikisha! Nimeipata habari kwa Umaru, mwenye meza ya pool hapa Koboko, mtu asiyeweza kukaa na habari mdomoni hata dakika moja. Mashindano ya wawili wawili, Arua, mtaa wa Oli, Jumamosi tarehe 19. Zawadi ni kikombe na mbuzi. Yasiri atacheza na mtu anayeitwa Swaib.

Swaib! Miaka sita Yasiri alicheza na mimi. Mimi navunja mipira mwanzoni, yeye anamalizia. Nikiwa nimeinama mezani, yeye ndiye alikuwa ananyoosha kidole na kuniambia nipige wapi. Baba zetu walikaa kambi moja jeshini. Leo kidole kile kile anamnyooshea Swaib.

Kwa kumbukumbu tu: ule ugomvi haukuwa ugomvi. Fainali ya mwezi wa nne, Yasiri alikosa mpira mweusi, ule wa mwisho, uliokuwa umekaa mdomoni mwa shimo. Nikasema mbele ya watu kwamba ile ni mikono ya kukanda unga, si ya kushika fimbo. Mama mkwe wake alikuwepo. Sikumwona. Wiki iliyofuata Yasiri akahamia Arua kuuza misumari kwenye duka la shemeji yake. Hakuaga.

Si kwamba nina hamu naye. Naandika tu.

Mpango: niwe mchezaji mkubwa kiasi kwamba Yasiri aje mwenyewe, kwa miguu yake, kuniomba turudiane.

Jumanne, 8 Julai

Nimeipata siri! Iko kwenye video, kwenye simu. Kila bingwa ana utaratibu wake kabla ya kupiga, ule ule, kila mpira, hata mpira rahisi. Mkono unafuata kichwa, anasema yule mtu wa video. Kichwa kikitulia, mpira unaingia. Kumbe mimi maisha yangu yote nilikuwa napiga kama mtu anayeua nyoka.

Nimeandika hatua tisa. Simama nyuma ya mpira. Vuta pumzi. Toa watu wote kichwani. Paka chaki. Tazama shimo. Weka mguu wa kushoto. Inama mpaka kidevu kiguse fimbo. Pima mara tatu. Piga.

Nimejaribu nyumbani na mpini wa fagio na limau. Filda, mke wangu, akapita na beseni. Akasimama. Akauliza kama ni mgongo. Nikamwambia asinisemeshe, niko hatua ya tatu, natoa watu kichwani. Na kweli walitoka. Umaru alitoka. Mwenye mashine ya kusaga ninakofanya kazi alitoka. Filda mwenyewe alitoka, beseni na yote. Yasiri alibaki. Amesimama kwenye kona, ameegemea fimbo, anangoja zamu yake.

Nikamwambia Filda. Akasema nimpigie simu.

Nimpigie! Mimi!

Alhamisi, 10 Julai

Mashindano ni ya wawili. Hili lilinipita. Nimemwomba Umaru acheze na mimi. Akasema anapenda amani ya moyo. Nimemwomba Tombe, fundi baiskeli. Akasema Jumamosi hiyo ana msiba. Nikauliza nani amefariki. Akasema bado hajajua.

Sawa. Wivu.

Kazini nikafanya hatua zangu kwa kijiti huku mashine inasaga. Nilipofika kupima mara tatu, gunia likajaa, unga wa mihogo ukamwagika mpaka kwenye soksi zangu. Mwenye mihogo alikuwa mwanamke mrefu kutoka Midia, anaitwa Night Poni. Hakukasirika. Alicheka mpaka akakaa chini. Akauliza ile ngoma inaitwaje. Nikamweleza kwa heshima kwamba hiyo si ngoma, ni pool, na ni kazi ya kichwa.

“Mimi pia iko nacheza,” akasema. “Kule kwetu, siku ya soko, nikimaliza kuuza. Arua tunaenda siku gani?”

Sikuwa hata nimemwomba!

Ijumaa, 11 Julai

Mazoezi kwa Umaru. Nimeogopa sana kwa niaba ya Poni. Hana hatua hata moja. Anapiga huku anaongea. Anapiga huku anamwuliza Umaru bei ya sukari. Mpira unaingia. Mwingine unaingia. Nikamwuliza kwa upole anafikiria nini kabla ya kupiga. Akasema anafikiria mpira.

“Wewe unafikiria mutu gani?” akaniuliza.

Nikasema simfikirii mtu. Nikakosa.

Halafu nikapaka unga wa mihogo mikononi ili fimbo iteleze vizuri. Wazo zuri sana. Kitambaa cha meza kikawa na alama nne nyeupe za viganja vyangu. Umaru amenifukuza mpaka Jumatano. Anasema meza ile si sahani.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nimefanya uchunguzi wa hali ya adui. Bila adui kujua! Nilichukua simu ya Filda, nikabonyeza namba ya Yasiri. Nia: kusikia tu kama sauti yake ina wasiwasi, halafu kukata.

Akapokea. Akasema, “Filda? Iko nini? Mko salama?”

Sauti imenenepa. Arua wanamlisha vizuri. Nyuma yake nilisikia mtu anagonga bati, na mtoto analia, na Yasiri akasema tena “Filda?” kwa ile sauti yake ya kuuliza kama chai bado ipo. Nilitakiwa kukata. Sikukata. Akakata yeye.

Dakika mbili baadaye simu ikalia. Filda akapokea kabla sijaifikia. Nikamsikia anamwambia Yasiri, hapana shemeji, sisi wazima, ni huyu mume wangu alikuwa anapumua tu.

Anapumua tu! Miaka kumi na tisa ya ndoa.

Filda anasema Yasiri alicheka, halafu akauliza mguu wangu wenye jipu umepona. Nikamwambia Filda hiyo ni mbinu, anataka kujua kama nitasimama sawa mezani. Filda akaenda kuanua nguo.

Mguu umepona tangu mwezi wa tano. Hakuna aliyeuliza mpaka leo.

Jumatano, 16 Julai

Umaru amenirudisha. Nimepima utaratibu wangu kwa saa ya simu: dakika moja na nusu kwa kila mpira. Umaru anasema kwa mwendo huo mbuzi wa zawadi atakufa kwa uzee. Simsikilizi. Ubora una wakati wake.

Mvua ikaanza, bati likapiga kelele, mchezo ukasimama. Tukakaa kwenye benchi, mimi na Poni. Akauliza huyo rafiki yangu yukoje. Nikasema si rafiki, ni mpinzani. Nikamweleza kidogo tu. Kwamba mvua kama hii ikinyesha Yasiri alikuwa anafunika meza kwa koti lake mwenyewe. Kwamba hawezi kula maharage. Kwamba baba yangu alipokufa, Yasiri hakusema neno, alikuja kila jioni kwa mwezi mzima, akapanga mipira, tukacheza kimya kimya, na kila mara aliniacha nivunje mimi.

Nilipomaliza, mvua ilikuwa imekatika zamani. Umaru alikuwa ameshafuta meza. Poni akasema, “Kumbe iko mbali sana, hii Arua.”

Nikamwambia si mbali. Lami tupu. Hata saa mbili hazifiki.

Jumamosi, 19 Julai

Arua. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya duka.

Mechi ya kwanza tulishinda. Ya pili pia. Poni alifanya sehemu yake, na mimi nilitoa uongozi. Refa alinionya mara mbili kuhusu muda. Watu wa Oli wakaanza kuhesabu hatua zangu kwa sauti, wote pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza. Nikifika tisa wanapiga makofi. Nilichukulia kama heshima.

Nusu fainali: Yasiri na Swaib.

Amenenepa kweli. Amevaa shati la bluu nisilolijua. Tukashikana mikono. Nilikuwa nimeandaa sentensi ya kumwambia, kali na fupi, nikaisahau. Yeye akaniita jina, “Natale. Mguu?” Nikasema mzima. Basi. Miezi mitatu, na hayo ndiyo yote.

Swaib ni kijana mwenye pete tatu. Anapiga vizuri. Sitaandika zaidi ya hapo.

Mchezo ukaenda mpaka mwisho. Mezani umebaki mpira mweusi tu, na zamu ni yangu. Mpira uko karibu na shimo la kona, umejificha kidogo. Ninaouweza! Nikaanza. Nikasimama nyuma. “Moja!” wakasema watu. Nikavuta pumzi. “Mbili!” Toa watu wote kichwani. Nikafumba macho, nikawatoa. Nikafumbua macho, na Yasiri alikuwa ng'ambo ya meza, pale pale alipokuwa akisimama miaka sita. Refa akasema zimebaki sekunde kumi. Nikainama. Na mdomo wangu, bila ruhusa yangu, ukasema:

“Yasiri, nipige wapi?”

Oli nzima ililipuka kwa kicheko. Swaib alicheka mpaka akashika meza. Yasiri hakucheka. Kidole chake kikanyooka.

“Kushoto kidogo,” akasema.

Swaib akaacha kucheka.

Nikafikiri haraka sana. Ni mpinzani. Anataka mbuzi. Huu ni mtego. Nikapiga kulia.

Mpira mweusi uligonga kona, ukatoka, ukaenda kukaa katikati ya meza kama mtu aliyeletewa kiti. Yasiri akaumalizia kwa pigo moja. Hakuonekana kufurahi.

Baadaye walishindwa fainali. Swaib alikuwa hazungumzi naye hata kidogo. Mimi nilikaa kwenye hii ngazi. Yasiri akaja na soda mbili, akakaa.

“Nilikuambia kushoto,” akasema.

Nikasema nilidhani ananidanganya.

“Siku gani mimi nilikudanganya kwa meza?”

Nikatafuta siku. Nikatafuta miaka yote sita. Nikanywa soda.

Akaniambia Swaib amemwacha. Swaib anasema hachezi na mutu ya kuonyesha adui njia. Ligi ya Arua inaanza mwezi wa nane, kila Jumamosi, na yeye sasa hana mwenzake. Akauliza, “Wewe iko na Jumamosi?”

Nilitaka kumwambia ninazo zote. Nikamwambia nitaangalia.

Akakaa bado. Soda yake ilikuwa imekwisha, lakini akakaa, ananitazama, kama mtu anayengoja jambo moja dogo lisemwe. Nikadhani anangoja chupa yangu airudishe dukani. Nikamalizia haraka, nikampa. Akaichukua. Akaenda.

Jumapili, 20 Julai

Poni amepewa cheti cha mchezaji bora wa kike. Alikuwa peke yake, lakini cheti ni cheti. Njiani tulianza kuona nyumba za Koboko. Hapo akasema rafiki yangu ni mutu mzuri, na kwamba pale kwenye ngazi alimwona amekaa akiningoja niseme kitu. Nikamwambia aliona vibaya, alikuwa anangoja chupa.

Sikulala vizuri. Furaha tu.

Jumanne, 22 Julai

Nimeshaongea na mwenye mashine. Jumamosi zangu ziko huru kuanzia tarehe 2 mwezi wa nane. Yasiri ananirudia! Yaani mimi namrudia. Yaani tunarudiana.

Safari hii sitaacha jambo lolote liende vibaya kati yetu. Nimekaa siku mbili nikimwandalia zawadi. Ni karatasi moja, imechapwa vizuri, nimeiwekea plastiki kwenye duka la fotokopi ili isilowe. Juu imeandikwa kwa herufi kubwa: MAKOSA YA YASIRI NA JINSI YA KUYAREKEBISHA. Mambo kumi na mawili. La kwanza ni ule mpira mweusi wa mwezi wa nne, na mchoro. Nitampa mara tu tutakaposhikana mikono, kabla hajaweka hata fimbo chini, ili aone nimemfikiria kiasi gani.

Nikamwonyesha Filda. Akaisoma yote. Akarudi mwanzo, akaisoma tena, kidole chini ya kila mstari, kama anatafuta sindano. Akauliza neno samahani liko wapi.

Nikamweleza kwamba karatasi imejaa.

Akaigeuza. Akasema, “Huku nyuma iko wazi.”

Nikamwambia najua. Nyuma nimeachia makosa mapya.