Gesi Yangu Ina Kosa Gani?

Kwa Ndugu Mkurugenzi,
Kituo cha Darubini, Mlimani.

YAH: KUAMRIWA KUZIMA BANGO LANGU

Mimi ni kinyozi hapa chini ya mlima wenu. Nimepata barua yako ya kunitaka nizime bango langu jekundu kila jua linapozama. Nimeisoma mara mbili, kisha nikampa mteja aliyekuwa kitini anisomee tena, nikidhani labda ni hasira zangu ndizo zinazosoma. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mmefunga kwenye darubini kifaa cha kuchambua mwanga wa gesi inayong'aa katika galaksi za jirani. Hongereni sana. Lakini bango langu nalo ni mirija ya kioo yenye gesi ndani, inang'aa, na mimi ni jirani kuliko galaksi yoyote. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kushuka kunijulia hali.

2. Mwezi uliopita kifaa hicho kiliona mwanga mwekundu msioutarajia. Nasikia mlikumbatiana, mkanywa soda, mkaanza kuutafutia jina. Ni binti yangu, anayefanya kazi hapo kwenu, aliyewaambia kwa aibu kwamba huo ni wa saluni ya baba. Yaani juzi nilikuwa ugunduzi, leo nimekuwa uchafu? Mmenipandisha mbinguni, mkanishusha bila ngazi. Imeniuma, sifichi.

3. Wateja wangu hutoka kazini jioni. Wasipoona bango hudhani nimefunga, wakaenda kwa yule mwenzangu wa ng'ambo ya barabara. Mtu akitoka kwake, utadhani kichwa kimeliwa na mbuzi. Nikifunga duka, vichwa hivyo vyote viko shingoni mwenu.

4. Kama kuzima ni haki, basi iwe kwa wote. Galaksi nazo ziandikiwe barua zizime gesi zao. Mkisema ni mbali na majibu yatachelewa, mimi sina haraka.

5. Kwa kuwa kifaa kiliniona bila kukusudia, naomba sasa kinitazame kwa kukusudia, kisha nipewe cheti cha galaksi, nikitundike juu ya kioo.

Nisalimie wote huko juu, mlinzi wa lango, na yule bwana wa ndevu anayeahidi kila wiki kuja Jumamosi.

Ni mimi jirani yako, ninayewaka kwa kila hali,
Kinyozi.

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha, mama watoto akaniuliza kama najua zamu ya kifaa wiki hii ni ya nani. Kumbe amepewa binti yetu, mara ya kwanza tangu mumwajiri, na kwa kuogopa kuniudhi hakusema neno. Maskini mwanangu. Bango nimelizima. Nimezima na la muuza viatu hapa jirani, kwani swichi yake iko nje. Akikuandikia barua ya malalamiko, tafadhali usimsikilize. Mtu huyo haipendi sayansi hata kidogo.