Gari Jekundu la Timau na Kafyu ya Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Julai 1955

Bundi, mwanamume mzima na ndevu zako, huoni haya? Mlango wa lori lako umefungwa kwa kamba, breki unazikanyaga kama mtu anayeponda udongo wa nyumba, na bado unatuma mtu kwangu kudai nauli ya kwenda na kurudi! Kwenda nilienda. Kurudi nilirudi kwa miguu, kondoo wawili nikiwavuta, jua linazama nikilitazama. Nauli ya miguu yangu nilipe nani?

Niandike yote, nisije nikasahau na kumsamehe. Kila Alhamisi nakwenda Timau kuchagua kondoo wa bucha. Nachagua mwenyewe. Tangu marehemu mume wangu Sulemani aniachie duka hakuna mtu Meru mzima anayemshika kondoo mgongoni akajua alichokula jana, ila mimi. Alhamisi iliyopita lori likafa mlimani. Bundi akafungua mdomo wa lori, akachungulia, akaanza kupiga mluzi. Nikajua hapa hakuna fundi.

Kafyu, saa ya kutoonekana nje, ni saa kumi na mbili. Nilifika kizuizi cha mjini saa kumi na mbili na dakika ishirini. Wale homgadi, walinzi wa serikali, hawakupiga risasi kwa sababu kondoo alilia. Basi! Uhai wangu uliokolewa na mnyama niliyekusudia kumchinja Ijumaa. Wakanitia ndani ya senyenge mpaka asubuhi, mimi Mwanakombo, mwenye wajukuu tisa. Kila kijiti kilipovunjika nilisema kwisha mimi. Asubuhi mkubwa wao akaniambia siku nyingine hawatangoja kondoo aseme.

Ngari mshona viatu alichelewa vilevile mwezi wa nne. Leo ni wa saba. Mkewe bado anapakua sahani mbili.

Idrisi, mwenye bucha ya pili pale ng'ambo, kaniuliza leo mbele ya wateja kama blanketi ya serikali ina joto. Ana lori lake jipya, ndiyo maana ana mdomo. Nikamwambia nyama yake ina inzi wengi kuliko misumari ya lori lake. Wateja wakacheka. Lakini nikakata ratili moja ikawa ratili na nusu.

Sitachelewa tena. Naapa.

Jumanne, 5 Julai

Nimepata dawa!

Yule mzungu wa ngano kule Timau anarudi kwao. Anauza kila kitu, mpaka gari lake jekundu la mashindano. Nimeliona mara nyingi. Unaliona likishakupita, kabla ya hapo unaona vumbi tu.

Nikamwita Mithika. Ni mtu wa Githongo, mtu wa kanisa, aliwahi kumwendeshea mzungu huyohuyo lori la ngano miaka sita. Nikamuuliza gari lile latoka Timau kuja Meru kwa muda gani. Akasema akilikanyaga kidogo, nusu saa. Akilikanyaga sana, mbinguni.

Nusu saa! Lori ni saa mbili na zaidi. Mtu akitoka Timau saa kumi na moja amefika, amefunga kondoo, amekunywa chai, na kafyu bado iko mbali inavaa viatu.

Mkaza mwanangu Sharifa akaanza. Eti gari lina viti viwili, kondoo watakaa wapi? Nikamwambia mapajani. Eti halina paa. Nikamwambia kondoo wa Timau wamezoea baridi. Eti ni jekundu, na ndege za serikali zinapita kila siku kwenda kuangusha mabomu msituni, rubani akiona kitu chekundu kinakimbia atadhani nini?

 Alasiri nikatandaza kanga nyekundu uani, nikapanda ngazi hadi juu ya bati, nikatazama chini. Lo! Inaonekana kama donda. Nikashuka. Halafu nikafikiri: kanga imetulia, gari halitulii. Rubani akishasema lile pale, haliko pale.

Nimelala tangu hapo mpaka magharibi kwa ajili ya kufikiri. Sharifa anasema ni kwa ajili ya ngazi.

Alhamisi, 7 Julai

Ninaandika haraka. 

Asubuhi nilikwenda Timau na Mithika kwa basi, pasi zetu za safari mfukoni. Mimi ni mtu wa Majengo, mtaa wa Waswahili, lakini marehemu mama alikuwa Mmeru, karani akaniandika Mmeru, basi hata nikienda kununua kondoo lazima karatasi iseme nakwenda wapi na kurudi lini.

Mzungu alikuwa anafunga vyombo kwenye masanduku. Alinitazama mimi, akalitazama gari, akacheka hadi akakaa. Sikucheka. Nikalizunguka gari, nikalishika mgongoni kama ninavyoshika kondoo. Lina joto, limekaa chini, uso wa kujiona. Nikapiga teke gurudumu. Mzungu akaacha kucheka. Kwa kuwa anamwamini Mithika, akaandika barua: tulipeleke Meru, fundi alitazame, Jumatatu tulete bei au tulete gari. Kuna mzungu gani mwingine wa kulinunua? Wenzake nao wanafunga masanduku.

Kuingia ndani ya gari lile ni kama kuteremka kaburini. Nikakaa chini, magoti kidevuni, kondoo mmoja mapajani. Wa pili akakataa katakata, akabaki.

Kwenye kizuizi cha Timau askari akaandika kwenye karatasi yetu saa tuliyotoka: saa nane kamili. Hivyo ndivyo kazi yao ilivyo. Huku wanaandika umetoka lini, kule wanaangalia umefika lini, wajue kama ulisimama njiani kuongea na watu wa msituni.

Mithika akalikanyaga.

Ya Rabi! Mtandio ukaruka pale kwenye mkuyu wa kwanza, sikuuona tena. Msitu kushoto, msitu kulia, nikawa nafikiri wale wa ndani wakituona watapiga, na wale wa serikali wakituona watapiga, na Mithika asipopunguza hawatahitaji kupiga. Mimi nikasoma kila sura ninayoijua, zote nne. Mithika akamwita Yesu. Kondoo akamwita mama yake. Kulikuwa na wanawake wanachimba matuta ya serikali kando ya njia. Waliposikia ule mngurumo walidhani ndege, wakalala mtaroni wote, na msimamizi wao pamoja nao, kiboko chake juu.

Tukafika kizuizi cha Meru saa nane na dakika thelathini na saba. Nikashuka kama malkia. Nikampa karatasi homgadi wa zamu, kijana wa Embu aitwaye Njuki, nikangoja aniamkie.

Hakuniamkia. Alisoma karatasi. Akatazama saa yake. Akaitikisa, akaiweka sikioni. Akasoma tena. Halafu akatoa daftari lenye mistari aliyoandikiwa na mkubwa wake: Timau kwa lori, saa mbili na robo. Timau kwa basi, saa mbili na nusu. Timau kwa miguu, siku. Akapitisha kidole juu mpaka chini. Dakika thelathini na saba hazimo.

Akasema basi hatukutoka Timau.

Nikamwambia tumetoka wapi, mfukoni mwake? Akasema ama karatasi ni ya uongo, ama tumetoka hapo karibu, msituni, na huyu kondoo ni chakula cha watu tunaowajua wenyewe. Alisema kwa sauti ya chini kabisa.  Watu wamenyongwa kwa kondoo mmoja! Nikamwambia amshike mnyama, aone sufu, hii ni sufu ya baridi, kondoo wa bondeni hana koti kama hili. Njuki akasema kondoo hana kipande cha kuonyesha katoka wapi. Nikamwambia hata saa yake haina akili. Mithika akanivuta kanga. Nikanyamaza. Nimenyamaza mara mbili maishani, ya kwanza nilipokuwa naolewa.

Njuki akafikiri sana. Si kijana mbaya, ni mwoga kama sisi. Akiruhusu asiyemo daftarini, yeye ndiye ataulizwa. Akaamua: tukae pale kando ya barabara mpaka karatasi iwe ya kweli. Maana yake saa kumi na robo.

Nikakaa. Mimi, ndani ya gari lenye mbio kuliko yote Kenya nzima, nimeegeshwa kama gunia. Punda wa maji alipita. Bibi mwenye kuni alipita, akanisalimia, akarudi, akapita tena.

Saa kumi na robo ikafika, na lori la Idrisi nalo likafika, limetoka Timau saa nane kama sisi. Kondoo kumi na wawili wamesimama raha mustarehe. Njuki akatazama daftari, akasema sawa, pita. Idrisi akateremsha kioo, akaniamkia shikamoo Mama Mwanakombo kwa adabu yote, akauliza kama sasa nimefungua bucha hapa njiani, au nangoja gari lipoe kama uji.

Nikamziba kondoo masikio. 

Na hapo hapo zamu ikabadilika! Homgadi mpya akauliza hili gari limesimama hapa tangu saa nane kwa nini, linampeleleza nani? Ikabidi aitwe mkubwa. Mkubwa alikuwa anaoga. Mkubwa akaja saa kumi na moja na dakika arobaini, akasoma barua ya mzungu juu chini, akatufukuza kwa mkono kama kuku. Dakika ishirini kabla ya kafyu! Gari likakataa kuwaka. Tukalisukuma, mimi na Mithika, kondoo ameketi peke yake kwenye kiti kama afisa. Likawaka penye mteremko. Nilipofunga komeo la uani filimbi ya kafyu ilikuwa inalia, na kule kizuizini bunduki ikapigwa mara moja.

Sijui ilipigiwa nani. Hakuna atakayeuliza.

Ijumaa, 8 Julai

Sikutoka. Nilimwambia Sharifa awaambie wateja mgongo unaniuma. Mgongo ni kweli unaniuma.

Gari liko uani chini ya turubai. Lina umbo la mtu mkubwa aliyelala. Majirani wamechungulia uani mmoja mmoja, kila mmoja anaomba chumvi. Sasa sina chumvi.

Saa nne wakaja homgadi wawili, wakafungua buti, wakanusa. Saa sita akaja karani kutoka kwa D.O. mkuu wa tarafa, mtu wa suruali ya pasi. Akauliza kwa upole, kalamu mkononi, mwanamke mzee mwenye bucha anataka gari la mbio ili amkimbie nani. Ninyi, nikasema.

Lilitoka lenyewe! Sharifa akaangusha sufuria. Karani akaandika kitu. Nikaongeza haraka kwamba nakimbia kafyu, nakimbilia nyumbani, nataka kuitii serikali mapema kuliko watu wote. Akaandika na hilo. Akasema mtu mwema hana haraka. Akaondoka na maini nusu ratili, sikumdai.

Tangu hapo kila kiatu kinachopita nje nadhani ni chake. Nimemfikiria Ngari. Nimemfikiria mkewe na sahani zake. Mithika ametuma habari ana homa. 

Nimeamua. Gari linarudi Jumatatu. Afadhali lori la Bundi na Mungu. Nimeandika, nimepiga mstari chini yake, kwisha.

Jumamosi, 9 Julai

Idrisi amekuja.

Amekuja na kofia mkononi, akanywa chai yangu vikombe viwili, akasifu nyama yangu. Nikajua kuna jambo. Mwishowe akasema amesikia narudisha gari, na ni busara, si chombo cha mwanamke wa umri wangu, basi nikiwa nalirudisha kwa nini lipande mlima bure? Atalichukua yeye, atamlipa mzungu mwenyewe. Analitaka la kutembelea Embu.

La kutembelea! Idrisi, na lile tumbo, ndani ya gari langu!

Alipoondoka nikakaa nikatafuta kosa liko wapi, kwa utulivu, kama nitafutavyo kidonda kwenye kondoo. Gari halina kosa. Rangi haina kosa, rubani hakutuona. Barabara haina kosa. Kosa ni lile la kufika kabla ya daftari. Nikafunga figo nne kwenye jani la mgomba, nikaenda hadi kizuizini mchana kweupe, nikamwambia Njuki aniongezee mstari: Timau kwa gari jekundu, nusu saa. Akasema daftari ni la mkubwa, mstari hauongezwi. Lakini akasema, huku anazificha figo, gari likija kwa saa mbili na robo yeye hana neno, hata liwe la dhahabu.

Kumbe ni hilo tu! Saa mbili na robo! Mbona hakusema tangu Alhamisi, mtoto huyu?

Nimelinunua. Mzungu atapata bei yake Jumatatu. Sharifa ameuliza gari la mbio likitembea kwa mwendo wa lori litafaa nini. Watu wengine hawaoni mbali.

Sasa Mithika aamshwe, homa au si homa, aambiwe hivi: Alhamisi tutoke Timau saa nane, si dakika moja baadaye, na tufike Meru saa kumi na robo, si dakika moja kabla. Akae nyuma ya lori la Idrisi njia nzima. Asilipite. Idrisi akimpungia mkono apite, asipite. Akiona tumekaribia mapema, asimame, azime gari, ahesabu. Na mteremko wa mwisho ule, asiguse kitu chochote kwa mguu, lisije likawahi, ashuke, alisukume.