Siku Niliyosahihisha Maduara ya Mama Manka

Jamani, leo nimejiaibisha kweupe, saa tano asubuhi, mbele ya wanafunzi wangu wote. Naandika hapa masikio bado yanawaka.

Mnajua mimi ni mchoraji wa mabango hapa Moshi mjini. Jumamosi nafundisha kuchora kwa wanaoanza. (Mlangoni nimejiandika "MWALIMU" kwa herufi kubwa. Hakuna aliyenituma.)

Kati ya wanafunzi wangu sita yupo Mama Manka wa Uru, mkulima wa kahawa, mwenye wajukuu. Anadarizi vitambaa vya makochi, na amechoka kunakili maua ya watu. Anataka achore ya kwake. Nikamwanzisha na msingi: mistari, maduara, maboksi. Wiki hii kazi yake ilikuwa kujaza ukurasa mzima kwa maduara.

Leo kafika wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwalimu. Sikiliza, mzee wangu anasema napoteza karatasi bure. Leo niambie ukweli. Kama haiwezekani naacha, nirudi kwenye migomba yangu."

Ukweli! Kichwa kikanivimba. Nikasubiri wenzake wafike, ili wote wafaidike. Nikafungua bahasha yake. Karatasi mbili: moja kazi yake, nyingine mfano wangu niliompa aende nao nyumbani. Nikazibandika ukutani.

Ya kushoto, aisee! Duara moja limebonyea, jingine halijafunga. Nikashika kalamu nyekundu.

"Mama, hapa mkono unaogopa. Hili si duara, hiki ni kiazi. Na hili limekanyagwa na bodaboda."

"Lakini mwalimu..."

"Subiri mama, nimalize kwanza." (Mungu anisamehe.)

Nikahamia ya kulia. Maduara safi, yametulia, mwanzo umekutana na mwisho.

"Sasa tazameni mfano wangu. Mnaona mkono uliozoea? Mnaona tofauti?" Nikajipiga kifua kabisa!

Mama Manka kainuka taratibu, kabandua ile karatasi ya viazi, kaigeuza. Nyuma yake, kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Mfano wa mwalimu. Fuata hivi." Na sahihi yangu, imepigiwa mstari!

(Nakumbuka sasa. Siku ile nilichora simu iko sikioni.)

Mmoja akaguna. Kisha darasa zima likaangua kicheko. Nilitamani sakafu inimeze.

"Mama," nikauliza, "umefanyaje?"

"Si ulisema tusichore kwa kiganja, tuchore kwa bega? Bega hili limekoroga masufuria ya harusi huko Uru tangu nikiwa binti. Nikajiambia nakoroga tu."

Nikamwomba radhi mbele ya wote. Akacheka mpaka kilemba kikalegea.

"Kwa hiyo naendelea?"

"Unaendelea, mama. Jumamosi ijayo tunaanza maua."

Akasukuma karatasi yake mbele yangu. "Basi liandike hilo, mzee akalisome mwenyewe."

Nikaandika: "Safi sana. Amempita mwalimu." Akaikunja kwa uangalifu, akaitia kwenye mkoba kama cheti. Nilivyomwona anatoka pale kifua mbele, siwadanganyi, nilisahau aibu kwa dakika mbili tatu.

Chekeni, ruksa. Ila niwaulize: huyo mama kafundishwa na nani? Si ni mimi hapa!